Kaunta ya Nyali Ilikosewa

Tuanze na kaunta, maana ndiko kazi ilikoharibikia. Mlioitazama nyumba ile ya Nyali kwenye kipindi cha juma lililopita mliona mafundi wakiilaza jikoni slabu ya marumaru ya Carrara, nyeupe yenye mishipa ya kijivu, iliyong'arishwa hata mtu ajione uso. Jikoni! Tena jiko la Mombasa, ambako haipiti siku bila ndimu, ukwaju au siki.

Kisha kamera ikasogea. Pale juu palikuwa na bakuli la ukwaju, changu aliyekwisha kutiwa chale, na nusu ya ndimu iliyolazwa kifudifudi, upande uliokatwa ukigusa jiwe. Mbunifu alipoulizwa kuhusu madoa akajibu kwamba slabu imepakwa sila mara tatu. Hapo nilishika kichwa. Sila huziba vitundu vya jiwe, mafuta na manjano yasinyonywe upesi, na kazi hiyo huifanya vizuri. Tindikali ni jambo jingine kabisa. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, na maji ya ndimu huila pale pale yanapoigusa. Iondoe ile nusu baada ya dakika chache, inama uitazame kaunta dhidi ya mwanga wa dirisha: utaona duara lililofifia, sawa na upana wa ndimu yenyewe. Ukilisugua kwa sabuni halitoki, kwa kuwa si doa. Ni mng'aro wa jiwe ulioliwa. Sila ya nne haiurudishi. Dawa yake ni kusaga na kung'arisha upya, na mwenye nyumba ataendelea kupika.

Granaiti ingestahimili haya yote. Ndimu haiitishi, na katika kipimo cha Mohs ina ugumu wa 6 hadi 7, ilhali marumaru ina 3 hadi 4. Mchanga mwingi tunaouingiza ndani kwa kandambili ni kwazi, na kwazi ni 7. Kwa hiyo hata sakafu ya sebule, ya marumaru ile ile, itachakaa kuanzia mlangoni.

Baraza la nje limetandikwa jiwe la Mazeras, halitelezi likilowa, na viungo vimenyooka. Kazi safi.

Wasomaji wa safu hii wanajua ninavyouchukia ulevi wa jina Carrara. Alvar Aalto aliivika Finlandia Hall ya Helsinki marumaru hiyo, jengo likafunguliwa mwaka 1971, na baridi na joto vikazipinda slabu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikabanduliwa, zikabandikwa nyingine za Carrara vile vile, nazo zikapinda. Jiwe lilikwisha kutoa jibu, wakalipuuza.

Waashi wa kale wa Lamu hawangefanya hivyo. Kuta walizijenga kwa mawe magumu ya nchi kavu. Kwa zidaka na mihirabu walikwenda kukata matumbawe baharini, wakayachonga yangali mabichi na laini, yakawa magumu yakikauka. Sakafu za ghorofani zilikuwa mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kila kitu kilipewa kazi inayokifaa, wala hakuna aliyechagua kwa kigae cha ukubwa wa kiganja dukani, kama wafanyavyo wateja wa leo licha ya kelele zangu zote. Omba kipande cha masalio ya slabu yenyewe, kikamulie ndimu, kiache usiku kucha. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.

Kaunta ya Nyali bado inaweza kuokolewa. Isagwe mng'aro wote utoke, alama mpya za ndimu zisionekane sana. Hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo. Iliyo bora ni kuing'oa na kuweka granaiti ya sentimita 3, ile Carrara ikakatwe ivikwe ukuta wa chumba cha kulala, juu ya kichwa cha kitanda, ambako hakuna atakayekatia ndimu.