Mnara wa Saa na Sura ya Mamlaka: Uhakiki wa Picha za Awali za Beit al-Ajaib

Picha za awali za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimezoeleka kutumiwa kama ushahidi wa usanifu majengo pekee. Sehemu hii inahoji mazoea hayo kwa kuhakiki picha za Beit al-Ajaib, kasri lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sayyid Barghash bin Said. Hoja ya msingi ni kwamba picha hizo zinabainisha pia namna mamlaka yalivyobadilika mikono.

Katika picha zilizopigwa kutoka baharini kabla ya Agosti 1896, kasri linaonekana na baraza zake zenye nguzo za chuma. Mnara wa saa, ambao pia ulikuwa mnara wa taa, umesimama peke yake mbele ya kasri, karibu na ufuo. Mtazamo huo ni wa mgeni anayeingia bandarini, ambaye kasri lilikusudiwa kumdhihirishia ukuu wa Sultani. Hata hivyo, mtazamo huo unaishia kwenye safu ya majumba ya mawe. Ng'ambo, walikoishi wengi wa watu wa kawaida, haimo.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia makasri kwa muda usiofika saa moja ili kumwondoa Khalid bin Barghash. Takribani watu 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Picha zilizofuata zinaonesha magofu, mnara ulioharibika na wanamaji wa Kiingereza wakiwa kando ya mzinga walioteka. Katika picha zinazojulikana zaidi, waliokufa hawaonekani. Hivyo, mtazamaji anaoneshwa hasara ya mawe na ushindi wa askari, ilhali hasara ya watu imeachwa nje.

Beit al-Hukm halikujengwa tena. Beit al-Ajaib lilikarabatiwa, na mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wake. Postikadi za mwanzoni mwa karne ya 20, zikiwamo za studio ya A. C. Gomes, zilieneza sura hiyo mpya hadi ikadhaniwa kuwa ndiyo ya tangu mwanzo.

Dhana hiyo ina athari hadi leo. Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jengo, pamoja na mnara huo, iliporomoka, na suala la kurejesha uasilia likaibuka upya. Anayeichukulia postikadi kuwa kielelezo cha uasilia anarejesha sura iliyotokana na shambulio la 1896, wala si ile ya Barghash. Kurejesha sura hiyo si kosa, kwani nayo ni historia ya Zanzibar. Kasoro ni kuirejesha bila kueleza chanzo chake. Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba kila picha inayotumika katika ukarabati ibainishwe iwapo ilipigwa kabla au baada ya shambulio, na kwamba maelezo yake yawataje waliokufa.