Programu Fupi, Safari ya Angani

Mashindano ya Zero Robotics, yaliyoanzishwa mwaka 2009 na chuo kikuu cha MIT kwa kushirikiana na NASA, yanastahili pongezi za dhati. Wanafunzi wa sekondari waliandika programu za kuongoza SPHERES, setilaiti ndogo zenye ukubwa wa mpira wa wavu, zilizoelea ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu na kujisogeza kwa kupuliza gesi ya kabonidayoksaidi kupitia matundu 12.

Ninachokienzi zaidi ni ule ubanaji. Kumbukumbu ya setilaiti hizo ilikuwa finyu, hivyo ukubwa wa programu uliwekewa kikomo. Timu iliyorundika mbinu ililazimika kurudi na kukata: hesabu iliyorudiwa iandikwe mara moja tu, sharti lisilo na kazi lifutwe, wazo zuri lakini zito liachwe. Shuleni tumezoea kumsifu mwanafunzi aliyejaza kurasa. Hapa aliyejua cha kupunguza ndiye aliyepata nafasi ya mbinu nyingine, na huo ndio uhandisi wenyewe.

Baadaye timu ziliunganishwa, mara nyingi kutoka nchi tofauti, na vijana wasiowahi kuonana wakakubaliana mistari ipi ibaki. Natamani ningeyasikia mabishano yale!

Fainali zilichezwa angani, mwanaanga akibadilisha betri na mitungi ya gesi huku wanafunzi wakitazama kutoka duniani. SPHERES zimekwisha kustaafu. Roboti za Astrobee zimeshika nafasi yake.