Kiwavi na Mvua: Majina ya Wana wa Mtemi wa Butiama

Tangu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alipofariki dunia, tarehe 14 Oktoba 1999, malenga hawajachoka kumlilia na kumsifu. Katika tungo hizo jina lipendwalo mno ni Kambarage. Kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua, na mtoto huyo alizaliwa Butiama mwezi wa Aprili 1922, masika yakinyesha. Hapo mtunzi huokota lulu bila kupiga mbizi: aliyezaliwa na mvua amekuja kuotesha taifa. Tashbihi ni tamu na vina vinakubali. Lakini je, jina lilitolewa kwa maana hiyo?

Kwanza, Kambarage halikuwa jina lake la awali. Aliitwa Mugendi, yaani mwenye kutembea. Mganga ndiye aliyeshauri libadilishwe. Jina la mzimu lilikuwa kinga ya mtoto mchanga, si utabiri wa mtawala. Wala hakuwa mrithi mtazamiwa. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano katika wake ishirini na wawili, na baba alipofariki mwaka 1942 kiti kilikwenda kwa nduguye, Wanzagi. Mshairi anayeona taji katika utoto huo analileta kutoka mwisho wa hadithi na kulivika mwanzo wake.

Pili, lipo jina ambalo malenga hulipita mbio. Nyerere ni kiwavi. Mtemi Nyerere Burito alipewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa, yapata mwaka 1860, wakati viwavi jeshi walipoivamia nchi. Msomaji wa visiwani, aliyezoea majina ya kasri ya Unguja, atashangaa. Majid, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1870, ni jina la utukufu. Khalifa ni jina la urithi. Majina hayo hudai. La Butiama halidai kitu: linaandika tarehe kwa watu wasiokuwa na kalenda ya karatasi. Tena Wazanaki hawakuwa na mtawala mmoja zamani. Utemi wa Burito uliimarishwa na Wajerumani. Mtoto wa 1860 hakuweza kupewa jina la kifalme, kwa maana ufalme wenyewe haukuwapo. Alipewa jina la mwaka wa balaa, nalo likamfuata mpaka kitini.

Shule ndiyo iliyoligeuza maana. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, sehemu ambayo leo imo wilayani Bunda, aliuona werevu wa kijana katika mchezo wa bao, akamhimiza baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 Kambarage akaingia Mwisenge, Musoma. Daftari la shule linataka jina la mtoto na jina la baba. Basi kiwavi wa msimu mmoja akawa ukoo. Na Mwalimu alipopata wanawe, desturi ya kale haikufa: yumo Burito, jina la babu, yumo Makongoro, jina lile lile la mtemi wa Ikizu, yumo Madaraka, neno lililokuwa vinywani mwa Tanganyika nzima mwaka 1960 na 1961. Kama viwavi vya babu yao, Madaraka nalo linabeba wakati wake.

Jina Julius alilipata katika ubatizo wa 1943. Miaka ishirini baadaye akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare inayomhusu Julius mwingine, na toleo lililosahihishwa la 1969 likaitwa Juliasi Kaizari. Mfasiri alimshonea Mrumi kanzu ya Kiswahili, ila yeye mwenyewe hakujishonea: jaladani aliendelea kuwa Julius K. Nyerere. Mzimu wa mvua ulibaki herufi moja; kiwavi kiliandikwa kwa ukamilifu.

Hilo latosha kuwa somo kwa watunzi. Sifa iliyojengwa juu ya mvua pekee ni nusu ya jina, na nusu ya jina ni nusu ya mtu. Shamba lililomlea lilijua mvua, likajua na viwavi. Utenzi utakaothubutu kuvitia vyote viwili katika ubeti mmoja ndio utakaomsifu mwana wa Butiama kwa jina lake.