Klavie Bila Waya: Shida Yetu Haikuwa Waya

Kwenye ukurasa huu tunachambuaka vitabu, nyimbo na filme. Leo nachambua klavie na suri, zile zenye hazina waya, zenye zinauzishwa pamoja mu karto moja kule Birere. Musicheke. Kati yetu kuko wenye hawajamaliza hata kitabu kimoja tangu siku ya kolasyo, lakini siku haipite bila kugusa klavie. Kitu chenye mikono yetu inagusa kila siku kinastahili kuchambuliwa sawa vile kitabu.

Maoni yangu nayasema mapema, mwenye haraka asichoke: hii kitu inatatua shida yenye hatukuwa nayo, na inaficha shida yenye tuko nayo kweli. Ku karto wanaandika kwamba waya imeisha. Sawa. Lakini memwari gani ilichelewa juu ya waya? Kazi gani ilipotea juu ya waya? Zenye zinatupotezea wakati na kazi ni herufi.

Kwanza tuipe haki yake. Kuitayarisha ni kazi ya dakika chache. Unafungua mugongo wa klavie na tumbo la suri, unaweka mawe ya tochi, yale madogo yenye tunaitaka pile, kwa kuangalia alama ya kujumlisha na ya kutoa. Mule mule ndani ya suri, kando ya pile, njo mara nyingi wanafichaka ka-USB kadogo sawa ukucha. Kako njo moyo wa kazi yote: klavie na suri zinaongea nako kwa mawimbi ya redio ya 2,4 GHz, nako kanaongea na mashini. Unakachomeka, unawasha suri kwa chini, Windows inamaliza yenyewe bila CD wala intaneti, na mushale unaanza kutembea ku ekra.

Kama suri inarukaruka ao klavie inakula herufi, usikimbilie dukani kugombana na muuzaji. Jaribu tundu lingine. Matundu ya USB 3, yale mara nyingi yako na rangi ya bleu ndani, yanatoaka makelele ya redio mu ile ile 2,4 GHz; Intel wenyewe waliandika juu ya hiyo mu 2012. Hamisha ka-USB ku tundu jeusi, mbali na diske yenye iko inakopi. Mara nyingi inatosha. Na kale ka-USB ukachunge: mu klavie za bei ya chini, ukikapoteza, klavie inageuka kipande cha plastiki. Logitech walileta tangu 2009 ka-USB kenye kanaweza kushika vyombo sita, lakini si kila karto ya Logitech iko nako. Kwa hiyo usitupe karto mbele ya kuhesabu vitu vyote.

Kuko pia watu wenye hii kitu inaokoa kweli. Wengi kati yetu tunatumia laptop ya okazyo, yenye ilishatumika miaka Ulaya ao Dubai mbele ya kufika hapa. Na Goma tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo. Vumbi yake nyeusi inaingia mu chakula, mu mapafu na chini ya mabutoni. Siku butoni ya E inakufa ku laptop, kubadilisha klavie ya ndani ni kazi ya fundi na pesa. Klavie ya inje inakuwa kama mugongo wa kuazima. Hapo nasema asante. Lakini hata ile ya waya ingefanya kazi hiyo hiyo, kwa bei ndogo, na bila kununua pile.

Sasa tusome ile karatasi yenye iko mu karto, juu mwenye kuchambua anasomaka yote. Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa. Luga ziko nyingi, na Kiswahili hakiko. Hiyo tulishazoea. Chenye kinanishangaza ni kingine: mara nyingi sehemu ndefu ya karatasi ni sheria ya Marekani, maneno ya FCC, ile ofisi yao ya mawasiliano, kwamba chombo hiki hakitasumbua redio ya jirani. Mutu wa Katindo anapewa somo juu ya sheria ya Washington, lakini hakuna musitari hata moja wenye unamwambia: "Herufi zenye zimeandikwa ku mabutoni haya pengine si zile zenye mashini yako itaandika." Na hapo njo shida yote inalala.

Mashini zetu nyingi zimepangwa mu Kifaransa, kwa AZERTY, juu masomo na ofisi ziko mu Kifaransa. Klavie zenye ziko Birere nyingi zinapitia Kampala na Kigali, ambapo QWERTY njo inatumika. Klavie haijue herufi. Kila butoni inatuma tu namba ya mahali pake, halafu Windows njo inaamua ile mahali inaitwa nani. Kama Windows iko mu Kifaransa na mabutoni yameandikwa QWERTY, macho yanaona kitu kimoja na mashini inaandika kingine. Uandike "amani", utapata "q,qni". Kama ni neno lako la siri, hautaona hata kosa, juu ku ekra kunatokea tu vidoti. Utaambiwa neno si hilo, utajaribu mara tatu, utaamini mutu alikuingilia.

Ile ya neno la siri ni usumbufu tu. Kuko yenye ni hasara. Sisi wote tunajua Ctrl na Z, ya kurudisha chenye umefuta. Lakini ku AZERTY, pale QWERTY inaandika Z, kunakaa W. Na Ctrl na W inafunga. Uko unajaza fomu ya kazi ku intaneti, umeshafika ukurasa wa mwisho, unakosea neno moja, unapiga Ctrl na Z yenye macho yako inaona, na ukurasa wote unaenda bila kukuuliza. Mu Word angalau utaulizwa kama unataka kuchunga. Mu fomu ya kazi, pengine unaanza upya, na kama ni usiku wa mwisho wa kutuma dosye, unajua mwenyewe inamaanisha nini.

Na test za kazi? Unakalishwa mbele ya mashini yenye si yako, saa inatembea, na klavie haifanane na ile ulifundishiwa. Wenye wanasahihisha hawaone klavie. Wanaona tu kwamba Kifaransa chako hakina aksa na kwamba haukumaliza. Wanaandika: hana uzoefu wa ordinatere. Hapo herufi mbili tatu zimekula miaka mitano ya masomo.

Wengine watasema dawa ni kulinda AZERTY, juu njo yetu. Hapana, tuichambue nayo. Ufaransa kwenyewe, mu 2016, Wizara ya Utamaduni ilisema wazi kwamba kwa klavie zenye zinauzishwa kule ni karibu haiwezekani kuandika Kifaransa bila kosa. Mu 2019 AFNOR, shirika lao la vipimo, ilitoa mupango mupya wa AZERTY. Kama wenye luga wenyewe wanalalamika, sisi tunalia nini?

Tena kwa Kiswahili, AZERTY inatutesa. Chukua sentensi ya kwetu, ya mashamba: "wanawake wanapanda maharagi". Iko na herufi 25. Kati yake, A inarudi mara 10 na W mara 3. Mu AZERTY, kama unaandika kwa vidole vyote vile wanafundishaka, A iko juu na W iko chini kabisa, zote mbili kazi ya kidole kidogo cha kushoto. Herufi 13 kwa 25, zaidi ya nusu, juu ya kidole chenye kiko zaifu kupita vingine! Na ile mahali ya raha, pale kidole hicho kinapumuzikia, AZERTY imeweka nani? Q. Herufi yenye Kiswahili hakitumie hata siku moja. QWERTY inaweka A pale pale kidole kinalala, na W inapewa kidole kingine. AZERTY iko na zuri moja kwetu: M iko ku musitari wa katikati, na Kiswahili kinapenda M. Lakini hesabu ya jumla iko wazi.

Basi tuhamie wote ku QWERTY? Polepole. Mu QWERTY ya Marekani, é, è, ç na à hazina mahali, na memwari yetu iko mu Kifaransa. Mutu mujanja atakuambia uchague QWERTY "international": unapiga apostrofi halafu e, inatoka é, apostrofi halafu c, inatoka ç. Ni muzuri kweli, naitumia. Lakini andika pale neno lenye mutu wa agronomia hawezi kuepuka: ng'ombe. Unapiga n, g, apostrofi, o, na mashini kwa uaminifu wote inakupa "ngómbe". Mashini imefikiri unataka aksa. Dawa iko: baada ya apostrofi piga espasi mara moja, kisha o. Lakini uone vile ilifikiriwa: kwa wenye wanataka aksa za Ulaya. Mwenye kuandika ng'ombe, ng'ambo na ng'oa hakukumbukwa.

Niongeze kitu juu ya namba, juu kazi ya wengi wetu ni kuingiza mazao ya mashamba mu Excel. Mu AZERTY, namba za musitari wa juu zinaomba ushike Maj kila mara. Kwa hiyo zile klavie fupi zenye ziko bila sehemu ya namba kwa kuume, hata zipendeze vipi, kwa mutu wa takwimu ni kununua shida. Na uchunge nukta. Mashini yenye iko mu Kifaransa inataka 1,2, ukiandika 1.2, Excel inaweza kuiacha kama maneno ao kuigeuza tarehe. Unapiga jumla, jumla inatoka, haina alama ya kosa, na iko uongo. Hapo maharagi ya kikundi kizima yanapotea mu raporo bila mwizi.

Kitu kingine chenye karto haisemi: waya ilikuwa pia ukuta. Chenye kinapita mu waya kinabaki mu waya. Chenye kinapita mu hewa kinaweza kusikiwa. Mu 2016 watafiti wa Bastille, kampuni ya Marekani, walionyesha kwamba klavie bila waya za watengenezaji nane zilikuwa zinatuma kila herufi wazi wazi, bila kufungwa kwa kodi, na mutu mwenye kifaa cha bei ndogo angeweza kuzisoma toka metre 75 hivi. Mu nyumba zetu zenye zinagusana ukuta, metre 75 ni karibu avenue nzima. Sisemi jirani yako iko anasikiliza. Nasema, kama ku ofisi yenu wanashika konti ya pesa ao majina ya watu wenye wanasaidiwa, ile mashini iachiwe klavie ya waya, ao klavie yenye karto yake inasema wazi kwamba inaficha herufi kwa AES. Kwa kuandika memwari ya mahindi, usijisumbue.

Hukumu yangu basi. Kama chombo, ni kazuri, kepesi, kanafanya chenye kanasema. Kama jibu kwa maisha yetu, kanajibu swali la mutu mwingine, mwenye meza yake iko na waya nyingi zenye zinamukera macho. Sisi swali letu ni luga tatu ndani ya kichwa moja: Kifaransa cha shule, Kiswahili cha nyumba, na namba za kazi. Mutengenezaji hajui, muuzaji hajali, na mu oditwari walitufundisha historia ya ordinatere toka Pascal mupaka leo, lakini hawakutuonyesha namna ya kugeuza klavie.

Kwa hiyo tufundishane sisi wenyewe. Kununua: angalia herufi za juu mbele ya kuangalia rangi, na uombe muuzaji achomeke, uandike jina lako na neno "élève" pale pale. Nyumbani: mu Windows ingia "Heure et langue", ongeza mupango wenye unafanana na mabutoni yako. Ukishakuwa na miwili, shika butoni ya Windows na espasi, unahama kutoka mumoja kwenda mungine. Na kama siku moja herufi zinageuka zenyewe, si uchawi wala virusi: pengine ulishika Alt na Maj pamoja bila kujua. Shika tena, zinarudi.

Na wewe mwenye uko na test wiki hii, mbele ya kuandika hata jina lako, angalia chini kabisa kwa kuume, kando ya saa. FRA ao ENG. Halafu anza.