Gurudumu la Mwenzako

Kutoka Lamadi, kando ya Ziwa Viktoria, hadi Bariadi mjini ni karibu kilomita 72 za lami. Barabara hiyo inachomoka kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, si mbali na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, inapita Dutwa, kisha inaambaa kati ya mashamba ya pamba, mahindi na mtama. Haina mlima wa kutisha. Abiria wa basi anaweza kusinzia Lamadi akaamka stendi ya Bariadi asijue kama kuna mahali alipopanda. Mwendesha baiskeli anajua. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na anayelipa kisogo anapanda kidogo kidogo, saa baada ya saa. Juu ya hayo, upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo mara nyingi anaupokea kifuani au ubavuni.

Ufundi wa mbio za baiskeli unasomwa vizuri kwenye barabara kama hii, na Simiyu ni mahali pake. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, ukajumuisha Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, lakini baiskeli ilikuwa imeshazoeleka Usukumani muda mrefu kabla ya mpaka huo kuchorwa. Baiskeli za Phoenix, Hero na Swala zimebeba maji, mkaa, magunia ya mpunga, mgonjwa wa kwenda zahanati na bibi harusi. Shinyanga na miji ya jirani, kabla bodaboda hazijatapakaa, abiria walipanda baiskeli za kukodi na kuziita daladala. Mkulima wa pamba anayefunga mzigo kwenye keria kwa mipira iliyochanwa kutoka tyubu chakavu, akausukuma kwenye udongo mweusi wa mbuga mpaka akaifikia lami, ana mapafu na mapaja ambayo kijana wa mjini hulipia ada ili ayapate.

Kwa hiyo anayejiandikisha mbio kwa mara ya kwanza hapa haji mikono mitupu. Nguvu anayo. Linalomsubiri ni jambo gumu zaidi, nalo ni kujua nguvu hiyo itumike lini, na aitumie akiwa ubavuni mwa nani.

Bendera inaposhushwa, wageni karibu wote hufanya jambo moja: hutoka kama waliofunguliwa kamba. Anayezoea kubeba gunia anajikuta mwepesi kupita kiasi, magurudumu yanaimba, watu kando ya barabara wanapiga vigelegele, naye anawapita watu waliokuja na fulana za vikundi vyao na baiskeli za gia. Kwa kilomita kadhaa anaongoza. Nyuma yake wale wenye fulana wamejipanga mstari mmoja, vichwa chini, na hakuna hata mmoja anayeona haraka ya kumpita. Baada ya muda miguu inaanza kuwa mizito. Mstari unapita pembeni yake kimya, na anapojaribu kudandia nafasi ya mwisho, pengo la mita tano linakuwa kumi, kisha ishirini, na hapo hata ukimpa moyo wa simba halizibiki tena.

Kilichompata kina hesabu yake. Kwenye barabara tambarare, mwendo ukishavuka kilomita 25 kwa saa, sehemu kubwa ya jasho la mwendesha baiskeli inatumika kuusukuma upepo. Ukitaka kuongeza mwendo maradufu, ukinzani wa upepo unaongezeka mara nne, na nguvu inayohitajika kuushinda mara nane. Anayejificha nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walipima kundi la waendeshaji 121 na kukuta kwamba walio ndani kabisa hukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upepo ambao mtu angekutana nao akiwa peke yake. Yule mgeni aliyekuwa mbele alikuwa akiwalipia nauli watu wote waliokuwa nyuma yake.

Lakini kujificha si rahisi kama kunavyosikika. Ili ufaidi, gurudumu lako la mbele linatakiwa liwe karibu na la nyuma la mwenzako, pengine kwa umbali usiozidi urefu wa mkono, kwa kasi ambayo kugusana kidogo kunaangusha watu kumi. Hapo ndipo mwili unapogoma. Mikono inakakamaa kwenye usukani, vidole vinatafuta breki, macho yanaganda kwenye tairi lililo mbele. Wazoefu humkataza mgeni mambo hayo matatu, na mafunzo mengi ya vikundi ni hayo hayo yakirudiwa. Usitazame tairi, tazama mabega ya mtu wa tatu mbele yako, maana habari za shimo, mbuzi au basi zinaanzia huko. Usishike breki ghafla. Punguza kukanyaga, au jitokeze kidogo kwenye upepo ukupunguzie mwendo wenyewe. Legeza mikono, usiyumbe. Aliye nyuma yako amekuaminia meno na mifupa yake.

Kisha kuna zamu. Aliye mbele huvuta kwa muda mfupi, husogea pembeni, huachia mstari upite, halafu hudaka mkia. Mgeni anapofikiwa na zamu yake ya kwanza, aibu humfanya aongeze mwendo ili aonekane ana nguvu, na mstari mzima unakatika vipande. Inahitaji unyenyekevu wa pekee kupokea uongozi kwa mwendo ule ule uliokabidhiwa, ukauacha bado una pumzi ya kurudi mkiani. Upepo ukigeuka ukapiga ubavuni, kama kwenye mbuga zisizo na miti, mstari hujipinda mshazari ili kila mmoja ajikinge kwa bega la mwenzake. Barabara ina upana wake, kwa hiyo nafasi za kinga hiyo zinahesabika. Wanaozikosa hubaki ukingoni mwa lami wakipigwa upepo mmoja mmoja, na mbio nyingi huamuliwa hapo, mbali na mstari wa mwisho.

Tusisahau chombo. Chukua baiskeli ya kazi yenye meno 44 mbele na 20 nyuma: mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza takriban mita 5. Akikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, mwenye baiskeli hiyo anapata kilomita 26 au 27 kwa saa. Baiskeli ya mbio kwenye gia yake nzito inakwenda mita 9 au zaidi kwa mzunguko mmoja. Pengo hilo haliondolewi na ushujaa, na ni haki kusema kwamba mwenye Phoenix anayemaliza ndani ya kundi amefanya kazi kubwa kuliko jina lake kwenye orodha ya matokeo litakavyoonyesha. Ila historia iko upande wake kidogo. Tour de France ilianza mwaka 1903, na waandaaji wake waliukataza mtambo wa kuhamisha mnyororo kutoka gia hadi gia mpaka walipouruhusu mwaka 1937. Kizazi kizima cha mabingwa wa Ulaya kilivuka milima ya Alps kikishuka kwenye baiskeli ili kugeuza gurudumu la nyuma na kupata gia nyingine.

Fundi baiskeli anastahili sifa zake humu. Yeye ndiye anayezungusha gurudumu lililoinuliwa na kuona kwa jicho lililobanwa mahali rimu inapopepesuka, akakaza spoku hii robo mzunguko na kulegeza ile ya jirani. Ndiye anayeosha gololi kwa mafuta ya taa, akazipaka grisi mpya na kufunga ekseli isibane wala isicheze. Kijana anayemwita baba na kukaa naye asubuhi nzima chini ya mwembe anajifunza mbio kwa masikio. Mnyororo uliokauka anausikia kabla haujakatika.

Na chakula kinafaa bila kutafutwa mbali. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi au baada ya kuchemshwa, vinakaa mfukoni bila kuharibika na vimejaa wanga, ambao ndio mafuta ya misuli kwenye safari ya muda wa saa tatu.

Mashindano yenyewe yana mizizi ya zamani kuliko baiskeli huku Usukumani. Wasukuma wamekuwa wakishindana kwa ngoma tangu karne ya 19, kundi la Bagika upande mmoja na la Bagalu upande mwingine, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Tamasha la Simiyu Jambo lililofanyika Bariadi lilipoweka pamoja mbio za miguu, baiskeli na ngoma za makundi hayo mawili, lilifuata mantiki ambayo wenyeji waliielewa mara moja. Wanawake walikuwa na mbio zao za baiskeli pia, na inafaa kuwa hivyo, kwa kuwa si wanaume peke yao waliobeba ndoo za maji na mizigo ya gulioni.

Njia ya kutoka keria hadi jukwaani wapo waliokwishaipita. Gasore Hategeka alisafirisha viazi kwa baiskeli kabla ya kuvaa jezi ya timu ya taifa ya Rwanda. Kule Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah na kikundi chake cha Safari Simbaz wamefunza vijana kwa miaka mingi. Mmoja wao, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliishinda Tour de France mara nne kati ya mwaka 2013 na 2017. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour na kurudi na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa bara la Afrika.

Anachokosa kijana wa Simiyu, awe wa Dutwa au Nyakabindi, ni vitu vinavyohesabika: helmeti, tairi nyembamba, baiskeli ya gia hata ya mtumba, na zaidi ya vyote mbio ndogo za mara kwa mara. Shindano moja kubwa kwa mwaka, lenye zawadi na viongozi jukwaani, halitoshi kumfundisha mtu kukaa kwenye gurudumu. Hilo linahitaji Jumapili nyingi, watu wanane au kumi, wazoefu wakiwa mbele na nyuma na wageni wakiwekwa katikati, wakitoka Bariadi hadi Dutwa na kurudi kwa mwendo ambao hakuna anayeachwa, mpaka mikono ya yule mgeni ilegee kwenye usukani na mkubwa wake aliye mbele asogee pembeni, ampungie kiwiko, na kumwambia: "Haya mdogo wangu, vuta sasa."