Pongezi kwa V. K. Murthy, Fundi wa Mwanga

Miongoni mwa mafundi walioijengea heshima sinema ya Kihindi katika miaka ya 1950, kipindi ambacho wahakiki wengi hukiita zama zake za dhahabu, V. K. Murthy anastahili pongezi za pekee, ingawa watazamaji waliozipenda filamu hizo, Bombay hata Zanzibar na Mombasa, waliyajua zaidi majina ya waigizaji na waimbaji. Murthy alikuwa mpigapicha mkuu, yaani fundi anayepanga mwanga, kivuli na mkao wa kamera katika kila tukio. Akishirikiana na mwongozaji Guru Dutt, alipiga picha za Pyaasa (1957), kisha za Kaagaz Ke Phool (1959), filamu ya kwanza ya India kutumia sinemaskopu, mfumo wa lenzi unaoitandaza picha kwa upana mkubwa kwenye skrini. Katika wimbo mmoja wa filamu hiyo, wapenzi wawili wasioweza kuungana wanasimama ndani ya studio tupu huku mwali mnene ukishuka kutoka juu. Mwali huo Murthy hakuupata kwa taa, bali kwa vioo vikubwa viwili vilivyopokezana mwanga wa jua kutoka nje hadi ndani. Ni vigumu kutaja tukio jingine la enzi ile ambamo mwanga wenyewe unaisimulia huzuni kwa ukamilifu kama huo. Filamu haikupata watazamaji ilipotoka, lakini Murthy aliendelea na kazi, akapiga picha za Sahib Bibi Aur Ghulam (1962), na hatimaye akatunukiwa Tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 2008, heshima kuu ya sinema nchini India, akiwa mpigapicha wa kwanza kuipata.