Kinamasi cha Splash: Kokoto Ndizo Zilizobeba Kazi

Maji yanayotoka jikoni mwa mkahawa huwa mazito kwa mafuta, damu ya nyama na wanga. Yale ya mikahawa miwili ya Lang'ata, Nairobi, yalipopimwa miaka ya 1990, kila lita ilihitaji takriban miligramu 1,600 za oksijeni ili bakteria wauozeshe uchafu wake kwa siku 5. Maji taka ya majumbani mara nyingi huhitaji kati ya 200 na 500. Yalipokwisha kupita katika kinamasi cha kutengenezwa cha Splash, chenye ukubwa wa nusu hekta hivi na kilichoanza kufanya kazi mwaka 1994, hitaji hilo lilishuka hadi 15.

Mgeni huisifu mimea. Mimi nazisifu kokoto. Maji huanzia kwenye tabaka la kokoto na kupenya katikati ya mawe yasionekane. Kila jiwe huvikwa utando wa bakteria, na hao ndio walaji wa uchafu. Mizizi huwaongezea makazi na oksijeni kidogo. Kwa kuwa maji yamefichika, harufu hupungua, na mbu hukosa pa kutagia. Adui wa hatua hii ni mafuta: yakiganda kati ya mawe, njia huziba na maji huibuka juu. Lazima yanaswe kabla, na awepo mtu wa kuyazoa kila mara. Kinamasi chote kinategemea kazi ya mtu huyo, nayo hustahili mshahara wa kweli.

Baada ya hapo huja mabwawa matatu ya wazi, yenye hewa na jua. Amonia hugeuka kuwa nitrati, na ndani ya tope lisilo na oksijeni nitrati hugeuka kuwa gesi ya naitrojeni ikapaa. Fosforasi haipai, hukwama kwenye mawe, tope na majani, kwa hiyo mimea isipovunwa sehemu yake hurudi majini. Mabwawa yangetangulia, uchafu ule mzito ungemaliza oksijeni yote na uvundo ungewafukuza wateja.

Hata hivyo asilimia hudanganya. Oksijeni ya kuunguza uchafu wote kwa kemikali ilishuka kutoka miligramu 3,750 kwa lita hadi 95, punguzo la zaidi ya asilimia 97. Kanuni za Kenya za 2006 kuhusu ubora wa maji ziliruhusu 50 tu. Mwani unaoota kwenye mabwawa huweza kuchangia salio kama hilo, ndiyo maana anayejenga leo ningemshauri amalizie na tabaka jingine la kokoto la kuuchuja, baada ya bwawa la mwisho.